Tiki ya kijani na alamisho zisizorudi

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta iliyofutwa diski na kuwekewa mfumo upya. Kabla ya kuipeleka kwa fundi alikagua kivinjari chake, akaona tiki ya kijani kwamba alamisho (viungo vya kurasa alizohifadhi) zimesawazishwa, yaani nakala zake zimepelekwa kwenye akaunti yake mtandaoni, akaridhika. Ila nenosiri alilisahau. Akaweka jipya kupitia barua pepe, akaingia kwenye akaunti bila shida, akakuta folda tupu. Viungo vya masomo alivyokusanya kwa miaka sita havikuwepo. Akaniuliza: akaunti ni yangu, barua pepe ni yangu, mbona alamisho zangu sizioni?

Jibu limo kwenye ufunguo. Vivinjari vinavyojali faragha havimwachii mwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza nakala) ufunguo, yaani siri ya kufungulia data yako. Kivinjari cha Firefox huutoa kwenye nenosiri lako, humo humo kwenye kifaa, na seva hupokea vifurushi vilivyokwisha kusimbwa, yaani kufungwa visisomeke bila ufunguo. Ukitumia njia ya "nimesahau nenosiri" bila kuwa na ufunguo wa kurejesha akaunti, vifurushi vya zamani havifunguki tena, vinafutwa. Kinachoweza kukuokoa ni kifaa kingine chenye alamisho zile zile, maana kitazipandisha upya. Mwalimu hakuwa nacho.

Usawazishaji wa kivinjari cha Brave hauhitaji hata akaunti. Vifaa huungana kwa maneno 25: 24 ndiyo siri yenyewe, la mwisho hufuata tarehe. Nimeona watu wameyanakili daftarini wakidhani wameweka akiba, kumbe baada ya muda msimbo ule hukataliwa. Kivinjari cha DuckDuckGo hukupa msimbo wa kurejesha katika faili la PDF. Ukiupoteza pamoja na vifaa vyako vyote, hata wao hawana la kukusaidia.

Upofu huo wa seva ndio chanzo cha kero nyingine pia. Seva huweza kuona mambo kama idadi na ukubwa wa vifurushi, ila haijui kilichomo, kwa hiyo haiwezi kutambua kwamba viwili ni kiungo kile kile. Kazi ya kuviunganisha inabaki kwa vifaa vyenyewe. Ukiunganisha simu na kompyuta zenye alamisho zinazofanana katika folda tofauti, tarajia nakala pacha. Safisha upande mmoja kwanza.

Hata aikoni ndogo za tovuti zina habari yake. DuckDuckGo hukuomba ruhusa kabla ya kuzipakua kwa ajili ya alamisho zilizosawazishwa, kwa sababu upakuaji huo huonekana kwenye mtandao unaoutumia. Mimi huikataa.

Vivinjari vya Tor Browser na Mullvad Browser havisawazishi kabisa. Unahamisha alamisho kwa faili la HTML, na kusema kweli njia hiyo naitumia kwa vivinjari vyangu vyote. Kila Ijumaa natoa faili, naliweka kwenye flashi iliyosimbwa. Usawazishaji hubeba na makosa: ukifuta folda kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta. Hilo likikupata ndani ya Firefox, fungua dirisha la kusimamia alamisho kwenye kompyuta, utafute nakala za siku zilizopita. Huwa inajihifadhia hadi 15.