Kumtunza mzee hakutaki huruma peke yake

Hapa Malindi, kuanzia Shela hadi Barani, wengi wanaamini kwamba mfanyakazi wa makao ya wazee anahitaji moyo wa huruma tu, na kwamba akikosea, jamaa hawana pa kushtaki. Imani hiyo inaeleweka, maana nyumbani tumewauguza bibi zetu bila cheti.

Lakini mzee asiyejiweza akilala upande mmoja kutwa, ngozi ya kisigino na kiuno hubadilika rangi, kisha huwa kidonda. Aliyefunzwa humgeuza kila baada ya saa mbili hivi, na humketisha wima kabla ya kumnywesha uji asije akapaliwa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Cha 46 kinadai huduma zenye ubora unaofaa. Haki hizo zikivunjwa, kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyejiweza, na kufungua kesi hiyo hakutozwi ada. Visome mwenyewe.

Ukitembelea makao, uliza nani hushika zamu ya usiku na alifunzwa wapi. Omba pia daftari la kuwageuza wagonjwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.