Lafudhi za Uingereza ninazozipenda na zinazonichosha

Kila nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na ukalimani huku Uingereza, swali linalofuata ni lile lile, eti Kiingereza kizuri ni cha wapi, na wengi tayari wana jibu lao kichwani, kile cha Malkia, kile cha watangazaji wa BBC wa enzi zile. Kwangu hicho kiko chini kabisa. Juu naweka Yorkshire, Scotland na Newcastle, na Liverpool haiko mbali.

Nianze na Yorkshire. Msikilize mtu wa Leeds au Barnsley akisema "go home" halafu msikilize wa London akisema maneno hayo hayo. Wa London ile "o" anaianzia katikati ya mdomo anaenda kuimalizia kwenye "u", yaani mdomo unatembea njiani. Wa Yorkshire anaishika o moja tu, ndefu, imetulia hapo hapo hadi mwisho, "goo". Na "day" anasema "dee", "face" anasema "fees". Hizo ni irabu zetu jamani, karibu kabisa na za "soko" na "pete"! Waskoti nao wana o na e za aina hiyo, halafu juu yake wanatamka kila r iliyoandikwa, "car" ina r, "farm" ina r, na ndo maana Mswahili aliyesoma Kiingereza shuleni kwa kusoma herufi anaweza akaelewana na mtu wa Edinburgh haraka kuliko na mtu wa Essex, kule jirani na London.

Halafu kuna hii u ya kaskazini. "Bus", "cup", "love", zote wanatia u kama ya "kubwa", na watu wa kusini wamewacheka kwa hilo miaka na miaka wakidhani ni ushamba. Kumbe aliyehama ni wa kusini. Zamani England nzima walikuwa na u hiyo, kwenye karne ya 17 hivi kusini wakaanza kuigawa, maneno mengine yakabaki na u na mengine yakaenda kwenye a, kaskazini hawakufuata. Kile "baath" cha a ndefu nacho ni hivyo hivyo, kilishika kusini karne ya 18, anayesema "bath" kwa a fupi ndo yuko na utamkaji wa zamani. Mi hili huwa linanikera sana, mtu kuitwa hajui kutamka wakati ametunza kilichokuwepo.

Newcastle napenda kwa sababu mbili. Moja, wazee wa kule wakisema "town" unasikia "tuun", kwa sababu ile sehemu ya mabadiliko makubwa ya irabu za Kiingereza iliyogeuza u ndefu kuwa "au" haikufika kaskazini kabisa (Scotland pia utasikia "huus" kwa nyumba). Pili kiimbo. Watu wa kule wanapandisha sauti mwishoni hata wakitoa taarifa ya kawaida, na kwa sikio la Kiswahili kupanda hivyo ni kuuliza. Niliwahi kutafsiri wodini, nesi wa huko akamwambia mzee wetu mmoja kwa upole kabisa "you're going home tomorrow", sauti ikapanda pale kwenye "tomorrow", mzee anayeelewa Kiingereza kidogo akamjibu mwenyewe kabla yangu, "sijui binti yangu, wewe ndo useme". Nesi hakuuliza chochote, alikuwa anampa habari njema.

Liverpool ina k inayonifurahisha. Neno likiishia na k, kama "back", ulimi hauzibi kabisa, hewa inapita, unapata "bakh", ile kh ya "kheri" wanayoitamka watu wa pwani wenye kusoma Kiarabu. Mji ule ulijaa Wairishi waliokimbia njaa iliyoanza 1845, wakachanganyika na watu wa Lancashire na wa Wales, na lafudhi ikatoka pale tofauti na miji yote iliyo jirani.

Sasa Birmingham. Hapa nakuwa mkali kidogo. Mwaka 2004 BBC walifanya uchunguzi mkubwa, watu zaidi ya 5,000 wakapewa lafudhi 34 wazipime, Birmingham ikawa ya mwisho kwa kupendeza na ya mwisho kwa heshima. Howard Giles, mtafiti wa saikolojia ya lugha, alishapata picha kama hiyo miaka ya 1970, na watafiti wa karibuni wanaona ngazi haijasogea sana. Lakini Giles huyo huyo na mwanaisimu Peter Trudgill waliwasikilizisha watu wa nje wasiojua lafudhi ipi ni ya wapi, na ile chuki haikuonekana. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye sauti, uko kwenye viwanda, moshi na umaskini ambao Muingereza anaufikiria akisikia "foiv" badala ya "five". Waswahili ninaowachezea rekodi za Birmingham bila kuwaambia ni wapi huniambia huyu mtu anaongea taratibu, mpole. Na kijana wa kule akienda kwenye intavyuu London anahukumiwa kabla hajamaliza kujitambulisha. Inauma.

Sasa hizo zinazonichosha. Kile Kiingereza cha kifahari cha zamani kinameza sauti, "tyre", "tower" na "tar" zote zinaweza kutoka "taa", na mkalimani unabaki unatafuta kwenye muktadha mzee wa watu kasema nini. Halafu ndicho walichokifanya kipimo cha wote. Mwaka 1941 BBC walimweka Wilfred Pickles wa Yorkshire kusoma habari, akaaga kwa "good neet" badala ya "good night", na wasikilizaji wakalalamika, vita inapiganwa watu wanalalamikia irabu! Kingine ni hiki cha pembezoni mwa London, l inageuka u, "milk" inakuwa "miuk", na t ya katikati inakatwa kooni. Najua Glasgow nao wanakata t, na Yorkshire wanaikata "the" mpaka inabaki kama kikwazo kidogo tu kooni, ila kule irabu zinanibeba, huku sina pa kushika.

Moja ambayo haitajwi kwenye mijadala hii ni Leicester. Familia nyingi za Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 ziliishia pale, na mpaka leo utakutana na wazee dukani wanaokuamkia kwa Kiswahili safi. Wajukuu zao wanaongea Kileicester chenyewe, mji wao wanauita "Lesto", na "city" inaisha na e badala ya i. Naipenda sana hiyo e ya mwisho.