Je, wajua jinsi kifuniko cha shaba cha kufuli kuukuu kinavyotaja umri wake?

Mtu anayepita na kitambua metali katika mashamba ya Uingereza hukutana mara kwa mara na kipande kidogo cha shaba ya manjano, chenye umbo la tone la maji na tundu dogo upande mwembamba. Hicho ni kifuniko kilichoning'inia mbele ya tundu la ufunguo wa kufuli ili kuzuia vumbi na mvua. Kufuli lenyewe, likiwa la chuma, limeliwa na kutu, lakini shaba hujitengenezea ganda la kijani linaloikinga. Kimefikaje shambani? Kwa muda mrefu taka na samadi za mijini zilisombwa kwa mikokoteni kwenda kurutubisha mashamba, na vifaa vilivyovunjika vikachukuliwa pamoja nazo.

Usikadirie umri kwa rangi. Ganda la kijani hutegemea udongo, unyevu na mbolea, kwa hiyo kipande cha miaka 80 chaweza kuonekana kikongwe kuliko cha miaka 200. Wala usikisugue kwa brashi ya waya, kwani hapo ndipo maandishi hupotea moja kwa moja, na inasikitisha sana kuona alama ya taji la kifalme iliyodumu ardhini zaidi ya karne ikifutwa kwa dakika mbili. Maji safi, mswaki laini na mwanga wa tochi unaomulika kutoka ubavuni vinatosha.

Alama ya kutafuta kwanza ni taji lenye herufi mbili. VR ni Victoria Regina, yaani Malkia Victoria kwa Kilatini, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. WR ni William IV, 1830 hadi 1837. Herufi GR ndizo zinazowapotosha wengi, kwa sababu wafalme walioitwa George walitawala kuanzia 1714 hadi 1830, kisha tena kuanzia 1910 hadi 1952, isipokuwa karibu miezi kumi na mmoja ya 1936. Hapo itazame sehemu yoyote ya kufuli iliyosalia: ikiwa tundu la ufunguo ni mwanya mwembamba uliopindapinda, wa ufunguo bapa wa aina aliyoibuni Linus Yale wa Marekani katika miaka ya 1860, basi George wa karne ya 18 hahusiki kabisa.

Jina la mvumbuzi nalo lisomwe kwa uangalifu. Bramah na Chubb, watengenezaji wa kufuli wa Uingereza, walipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) za kufuli zao mwaka 1784 na 1818, lakini kufuli zao ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi, hivyo mwaka wa hataza huonyesha tu kwamba kifaa hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Alama ya msajili wa michoro, iliyoonyesha kwamba umbo la kifaa limesajiliwa rasmi, hubana umri zaidi: umbo la almasi lenye herufi pembeni lilitumika kuanzia 1842 hadi 1883, na namba ya Kirumi I juu yake humaanisha kifaa cha metali, kuanzia 1884 ikaja namba ya kawaida iliyotanguliwa na Rd, kifupi cha Kiingereza cha “imesajiliwa”.

Pasipo alama yoyote, mtazamo uhamie kwenye skrubu, kama imebaki. Skrubu yenye ncha butu na mfuo wa bisibisi uliokaa kando kidogo ya katikati ilikatwa kwa mkono, na kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 1850, wakati viwanda vya eneo la Birmingham vilipoleta mashine za Kimarekani za kutengeneza skrubu zenye ncha kali.