Mpunga Hauhitaji Kuogelea

Ukipita Igurusi au Madibira, wilayani Mbarali, wakati wa msimu, utakuta majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, yamejaa maji hadi kwenye kingo. Muulize mwenye shamba, atakujibu kuwa mpunga ni zao la maji. Ni kweli, ila mpunga unavumilia maji mengi kuliko unavyoyahitaji. Maji yaliyosimama kazi yake kubwa ni kuzuia magugu. Yanayozama ardhini huenda yakarudi mtoni, lakini yanayopaa kwa jua ndiyo yamekwenda. Nayo yana wenyewe huko chini: maji ya Usangu, bonde lenye mashamba haya, hulisha Ruaha Mkuu, mto unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kujaza bwawa la Mtera, na ambao tangu miaka ya 1990 hukatika kiangazi ndani ya hifadhi.

Ipo njia ya kunywesha na kukausha kwa kupokezana. Chukua kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, kipana kiasi cha kuona ndani. Toboa matundu kuzunguka sentimita 20 za chini, kifukie hadi hapo, kisha toa udongo ulioingia ndani. Ukichungulia ndani ya bomba ukaona maji yameshuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia mpaka yasimame sentimita 5. Juu udongo utaonekana umekauka. Usiogope, mizizi bado inakunywa.

Anza wiki 2 hivi baada ya kupandikiza, palizi ikiwa imefanyika. Kuanzia wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baadaye, maji yasimame muda wote, la sivyo utavuna mapepe, maganda yasiyo na punje. Ikifuatwa hivyo, maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30 bila mavuno kushuka. Jaruba lisilosawazishwa, hata hivyo, bomba litakudanganya: huku pamekauka, kule vyura wanaimba.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, haliko jarubani. Mkulima anayejaza maji hadi kwenye kingo mara nyingi hafanyi hivyo kwa kutojua. Anaweka akiba, kwa sababu hana hakika zamu yake ijayo itafika au wa juu watakuwa wameyafunga. Huyo ukimwambia akaushe jaruba, unamwambia acheze kamari. Kamati ya maji ianze kwa kubandika ratiba ya zamu pale penye banio, yaani lango la kugawia maji, na kuisimamia hata usiku. Mabomba yatafuata.