Kusomea cheti cha utunzaji wa kumbukumbu: yanayosemwa na yalivyo

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba unasomea cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, atakuuliza: "Kwani kupanga mafaili nako kuna mtihani?" Kuna, na kupanga mafaili ndiyo sehemu yake ndogo. Kazi yenyewe huanza hati haijaandikwa bado: nani ana wajibu wa kuiandika, itakaa muda gani, nani ataruhusiwa kuiona.

Wengine wanasema kanuni za utunzaji wa kumbukumbu ni nane tu, mtu anakariri. Kweli ni nane, zile zilizotolewa mwaka 2009 na ARMA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kumbukumbu: uwajibikaji, uwazi, uadilifu, ulinzi, kufuata sheria, upatikanaji, uhifadhi na uondoshaji. Lakini mtihani wa Institute of Certified Records Managers, taasisi ya Marekani inayotoa vyeti kwa watunza kumbukumbu, una sehemu sita. Tano ni za kuchagua jibu. Ya sita unapewa kisa cha ofisi uandike ungefanyaje. Humo uwazi unavuta huku, ulinzi unavuta kule, na kukariri hakukusaidii kuamua.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni hii: "Usitupe kitu, huijui kesho." Ingia ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Masanduku yamepandana hadi darini, ya chini yameshika ukungu kwa unyevu wa bahari, na mwenye ofisi anajiona salama. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa miaka 5 tangu mzigo uingie kudai hati zake. Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya 2015 nayo inataka hati zitunzwe miaka 5. Muda huo ukipita, kama hakuna kesi, ukaguzi wala sheria nyingine inayozidai, karatasi zile hazimlindi tena. Nakala za vitambulisho vya wateja na madereva zilizomo ndani zinaweza hata kumtia matatani, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 hairuhusu kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaozihitaji.

Wala kuteketeza si kumuuzia muuza njugu karatasi za kufungia. Panatakiwa jedwali la muda wa uhifadhi, idhini ya mwenye mamlaka, na hati inayosema nini kimeteketezwa, lini na vipi. Hati hiyo huhifadhiwa. Ofisi ya serikali ndiyo imebanwa zaidi: chini ya sheria ya hifadhi ya nyaraka ya 1965, haiteketezi kitu bila idhini ya mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa. Halafu kuna jambo ambalo watahiniwa huliruka: kesi ikinukia tu, uteketezaji husimama, hata kama jedwali linasema muda umekwisha.

"Ukishaskani, choma." Taratibu, ndugu yangu. Sheria ya ushahidi ya Kenya inazikubali rekodi za kielektroniki, ila kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Kiwango cha ISO 15489, cha 2001 kilichorekebishwa 2016, nacho kinadai sifa nne: uhalisi, kuaminika, ukamilifu na kutumika. Chukua hati ya shehena, ile BL. Karani anaiskani upande wa mbele peke yake, kumbe masharti ya usafirishaji yamechapwa nyuma kwa herufi ndogo. Picha inang'aa, jina la meli linasomeka, lakini ukamilifu haupo. Ukijifunza sifa nne kwa mifano ya aina hii hutazisahau.

Eti ni kazi ya watu wa kompyuta? Nakala rudufu zao huokoa mfumo ukianguka, basi. Hazijui ni rekodi ipi muda wake umekwisha.

Na yule karani wa masjala anayedhani vyeti hivi ni vya vijana wa chuo kikuu, asijidharau. Taasisi ile ya Marekani yenye mtihani wa sehemu sita hupima elimu pamoja na uzoefu wa kazi kabla ya kumruhusu mtu kufanya mtihani. Kabla hajanunua kitabu, atafute kwanza barua zake za ajira, hasa zile zinazotaja wazi alikuwa akifanya kazi gani.