Bún Tôm ya Hải Phòng: Supu Inayotoka Kwenye Vichwa vya Kamba

Supu ya tambi ya Vietnam inayojulikana zaidi nje ya nchi hiyo ni phở, inayopikwa kwa nyama ya ng'ombe au kuku pamoja na mdalasini na viungo vingine vikavu. Ninayotaka kuieleza hapa ni nyingine, nayo ni bún tôm, supu ya tambi za mchele na kamba kama inavyopikwa Hải Phòng, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Vietnam. Haina mdalasini. Ladha yake hutokana na kamba, nyanya, vitunguu vya majani na shibiti (dill), na kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu hivyo hupatikana katika masoko ya pwani yetu, mpishi wa nyumbani hana sababu ya kuiogopa. Linalomtaka abadili mazoea ni moja tu: asitupe vichwa na maganda ya kamba, kwa sababu hivyo ndivyo supu yenyewe, na ile nyama nyeupe tunayoithamini huingia mwishoni kabisa.

Kwa watu wanne hununua nusu kilo ya kamba wa wastani wenye vichwa. Waliokatwa vichwa na kugandishwa, hata wawe wakubwa namna gani, hawafai kwa kazi hii. Ndani ya kichwa cha kamba mna kiungo kinachofanya kazi kama ini, chenye mafuta ya rangi ya chungwa na vimeng'enya vya kusagia chakula. Mafuta hayo ndiyo yenye harufu na utamu tunaoutafuta, lakini vimeng'enya navyo huanza kuila nyama ya kamba mara anapokufa, ndiyo maana kamba mwenye kichwa anapaswa kukaa kwenye barafu na kupikwa siku hiyo hiyo. Ukiona kichwa kimelegea shingoni, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, mwache muuzaji na kamba wake.

Menya kamba, toa utumbo mweusi wa mgongoni, nyunyizia nyama chumvi kidogo, kisha iweke kwenye jokofu. Vichwa na maganda vikaangwe katika vijiko vikubwa viwili vya mafuta pamoja na vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwakatwa, kwa moto wa wastani, muda wa kama dakika tano, huku ukivipondaponda kwa mwiko ili mafuta ya kichwani yatoke. Hatua hii isirukwe. Rangi nyekundu ya kamba aliyepikwa hutokana na rangi ya asili iitwayo astaksanthini, ambayo katika kamba mbichi imefungwa na protini na ndiyo maana haionekani. Joto huivunja protini hiyo na kuiachia rangi, lakini rangi yenyewe huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Anayechemsha maganda moja kwa moja kwenye maji hupata supu ya kijivu, na anayeyakaanga kwanza hupata mafuta mekundu yanayoelea juu ya bakuli. Wapo wapishi wa Vietnam wanaosaga vichwa vibichi kwa maji na kuchuja. Supu yao huwa nzito na nzuri, ila mimi huifuata njia hiyo ninapokuwa na hakika kamili ya ubichi wa kamba.

Huko Hải Phòng supu hujengwa juu ya mifupa ya nguruwe. Kwa wasomaji wasiokula nguruwe, migongo, shingo na miguu ya kuku, kiasi cha kilo moja, huleta ule uzito unaonata midomoni bila kuufunika utamu wa kamba. Mifupa ya ng'ombe sipendekezi, kwa kuwa harufu yake hutawala kila kitu. Ichemshe mifupa dakika tano, mwaga maji yale machafu, ioshe, kisha iweke katika lita mbili na nusu za maji mapya na uiache kwenye moto mdogo kwa saa moja na nusu, ukiengua povu. Maji yakitokota kwa nguvu, mafuta na uchafu huchanganyika na supu haitakuwa angavu tena. Maganda yaliyokaangwa huingia katika dakika ishirini za mwisho tu, kwani yakikaa muda mrefu zaidi huleta uchungu. Baada ya hapo chuja kila kitu kwa kitambaa safi.

Chumvi ya supu hii ni nuoc mam, maji yanayokamuliwa kutoka kwa dagaa wa baharini waliolazwa katika chumvi, takriban sehemu tatu za dagaa kwa moja ya chumvi, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Yale ya kisiwa cha Phú Quốc, kusini mwa Vietnam, huchachushwa katika mapipa makubwa ya mbao na yana sifa duniani. Katika chupa nyingi za Vietnam huandikwa namba kama 30 au 40, inayoonyesha gramu za naitrojeni katika lita moja, yaani wingi wa protini iliyotoka kwa samaki. Chagua chupa yenye samaki na chumvi bila maneno mengi mengine. Vijiko vikubwa viwili huviweka mwanzoni, na cha tatu moto unapozimwa, kwa kuwa harufu yake hupungua ikichemka. Usipoipata, sosi ya soya si mbadala mzuri, kwa sababu huitia supu weusi na ladha ya maharage. Afadhali chumvi ya kawaida na kiganja cha uduvi wakavu waliokaushwa kidogo kikaangoni kisha wakatiwa pamoja na mifupa. Wapishi wa kusini mwa Vietnam nao hutia kamba wakavu katika supu yao iitwayo hủ tiếu.

Nyanya nne hukatwa vipande na kukaangwa kidogo kabla ya kutiwa kwenye supu iliyochujwa, pamoja na kijiko kidogo cha sukari. Wengi hapo watashawishika kuongeza tui la nazi. Nawasihi wajizuie, maana tui hulainisha ukali wa nyanya na nuoc mam, na unachobaki nacho ni mchuzi wa kamba tunaoujua tayari.

Tambi ziwe za mchele, za mviringo na nyeupe. Zile za ngano tunazopika kwa sukari na iliki zitavurugika. Loweka tambi kavu nusu saa, zichemshe katika sufuria yake ukizionja mara kwa mara, kisha zisuuze kwa maji baridi hadi zisinate. Zisipikwe ndani ya supu, kwani wanga wake huifanya nzito na yenye ukungu.

Kamba hutoswa kwenye supu inayochemka kwa dakika moja au mbili. Mtoe anapoanza kupinda na kubadilika rangi; aliyejikunja kama pete amekwisha kukakamaa. Huko kwao huongezwa pia uyoga mweusi, vidonge vya nyama vilivyofungwa katika jani la lolot, na mboga ya majini ambayo ni jamaa wa kiazi kitamu, hivyo matembele machanga yaliyopitishwa kwenye maji moto hukaa vizuri mahali pake. Jani la lolot ni ndugu wa tambuu, lakini tambuu ni kali mno, usijaribu kubadilisha.

Panga tambi, mboga na kamba katika bakuli, mimina supu ikiwa moto kabisa, kisha nyunyizia shibiti na vitunguu vya majani. Ndimu na pilipili zikae mezani. Supu iliyobaki ihifadhiwe peke yake kwenye jokofu kwa siku mbili, au igandishwe. Tambi zichemshwe upya kila unapokula.