Hicho unachokiita kitenge cha Kongo

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja na binti zake wawili kutafuta sare za harusi. Nikamtandikia vitenge kumi mezani, akavisukuma vyote pembeni. "Mdogo wangu, usinichoshe. Nitolee cha Kongo chenyewe, cha Kiafrika, siyo hivi vya Mchina." Nikamtolea. Akakipapasa, akakinusa, akasema, "Ee, hiki sasa." Nikamgeuzia ukingo asome mwenyewe: Véritable Wax Hollandais, yaani waksi halisi ya Kiholanzi. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeyaandika hayo maneno.

Nimeuza vitambaa Kariakoo miaka 14 na sijapitisha wiki bila kulisikia hili la Kongo. Hebu tulimalize. Kitenge cha waksi mizizi yake iko Java, Indonesia ya leo, ambako watu walichora kitambaa kwa nta ya moto, wakakitia rangi, kisha wakaichemsha nta itoke. Palipokuwa na nta, rangi haikuingia. Ndiyo batiki hiyo. Waholanzi waliokuwa wakiitawala Java wakaona kazi ya mkono inachukua muda mrefu, wakatafuta namna ya kuifanya kwa mashine ili wawauzie Wajava batiki yao wenyewe kwa bei rahisi. Mashine ikapaka utomvu mahali pa nta. Utomvu ukikauka unapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha vimishipa. Wajava wakaona ni kazi mbovu. Mwishoni mwa karne ya 19 mzigo ukaelekezwa Afrika Magharibi, Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, na huko vimishipa vilevile ndivyo vikapendwa, maana hupati vipande viwili vilivyofanana kabisa. Kampuni ya Vlisco, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, mpaka leo inachapa hukohuko Uholanzi.

Kongo imeingiaje? Sisi tulikiona mwilini mwa Wakongo. Mwanamke wa Kongo akivaa waksi anajua kuivaa, na anajua bei yake. Tukakipa kitambaa jina la aliyekivaa. Viwanda vya nguo Kongo vilikuwepo, Sotexki ya Kisangani ni kimojawapo, ila hicho ulichokishika, mama yangu, hakikupita huko. Tena wafanyabiashara wa Kongo wanakuja kufunga mizigo ya vitenge hapahapa Kariakoo!

Halafu kuna wa upande wa pili, hawa waliosoma makala moja mtandaoni. Wanakuja kuniambia kitenge ni ulaghai wa wakoloni na Mwafrika hana chake ndani yake. Nao wananikera vilevile. Wauzaji wa Lomé, Togo, wale walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao ya Mercedes, ndio waliokuwa wakimwambia Mholanzi mtindo upi utatoka na upi utadoda. Majina ya mitindo waliyatoa wao. Kuna mmoja uliitwa kwa Kifaransa "mume wangu ana uwezo", mwingine "ukitoka nami natoka". Mholanzi gani angeyafikiria hayo? Chora Java, chapa Helmond, jina Lomé, fahari Kinshasa. Ukitaka mji mmoja tu wa kukiandikia, utahangaika.

Na hili la Mchina. Waksi nyingi inayouzwa sasa inachapwa China kweli, mbovu ipo na nzuri ipo. Lakini wanaosema hivyo ndio haohao wanaonisifia vitenge vya zamani vya Urafiki. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Urafiki wenyewe unaotajwa ni wa nani na nani?

Kanga wanasema ni ya Kihindi, kwa kuwa inachapwa India. Imechapwa India, Ulaya, hata Japani, lakini imezaliwa pwani hii katika karne ya 19. Wanawake walinunua leso, neno la Kireno hilo, zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga sita kuwa nguo moja. Pindo, mji na jina ni akili ya hapa. Cha Kihindi ni neno "doti" tunalohesabia.

Merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa: wateja vijana wanadhani ni jina la ubora, kama "dabo" au "supa". Ni Marekani kweli. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ulitiwa saini mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikaijaza Zanzibar kwa kitambaa hicho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikakata mzigo, viwanda vya Bombay vikachukua nafasi, jina likabaki.

Kwamba kabla ya meli hizo tulikuwa tunavaa majani, sitaki hata kulijibu kwa kirefu. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akakuta kitambaa kinachofumwa pale kikipelekwa mpaka Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wametoa vigurudumu vya kusokotea nyuzi.

Hata hapa ninapouzia, watu huniuliza "kariakoo" ni neno la kabila gani. La Mwingereza: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kilichokuwa na kambi hapa. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Ukija kununua, acha kuuliza nchi. Kipeleke kitambaa kwenye mwanga, kigeuze. Waksi halisi imepakwa pande zote mbili, hutajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ukiona nyuma imefifia, hicho kimechapwa upande mmoja, na usikubali kulipa bei ya waksi hata muuzaji akuapie. Yule mama alikigeuza mara tatu, akanunua yadi 6 kwa kila binti, na akiwa anatoka nikamsikia akiwaambia, "Cha Kongo hiki, msikifue na jiki."